Nyumba Iliyokatwa Usawa wa Kifua

Wengi wetu tukikabidhiwa ramani ya nyumba huitazama kana kwamba ni picha iliyopigwa kutoka angani. Lakini ndege anayepita juu ya nyumba haoni vyumba. Anaona mabati, tangi la maji, dishi la televisheni, na nguo zilizoanikwa uani. Mchora ramani hufanya jambo ambalo hakuna jicho lililowahi kulifanya. Huchukua kisu cha mawazo, akakipitisha ndani ya nyumba nzima kwa usawa, kama mita 1.2 kutoka sakafuni, penye kifua cha mtu mzima. Kisha akanyanyua nusu yote ya juu, paa, dari na linta, akaiweka kando. Ndipo anapoinama kutazama kilichobaki. Ukikata papai katikati ya tumbo lake utaona jambo hilohilo: ganda halikukuambia kitu, ila sasa unene wa nyama uko wazi, na uwazi uliokuwa ndani umepata umbo.

Nimezitazama ramani za namna hii kwa miaka mingi, za nyumba za majirani na za majumba ya masultani, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu wanaozichora vizuri. Kukata ni rahisi kusema. Kazi iko katika kuamua kisu kipite wapi, na baada ya hapo kila mstari ubebe uzito gani.

Mita 1.2 si tarakimu ya kubahatisha. Kisu kikishuka hadi nusu mita, kitapita chini ya madirisha, na nyumba itaonekana haina hata dirisha moja. Kikipanda hadi mita 2.3 kitapita juu ya milango, na kila chumba kitaonekana kimezibwa pande zote. Penye mita 1.2 kinakata milango yote na madirisha ya kawaida, ambayo kingo zake za chini huwa kama sentimita 90 kutoka sakafuni, na papo hapo kinapita juu ya kitanda, meza, sinki na jiko, vikabaki vizima vya kutazamwa. Ngazi ya kwenda ghorofani, yenye vidato vya sentimita 17, inakatwa karibu na kidato cha saba. Hapo mchoraji huweka mstari wa kuvunjika, na mshale wa kuonyesha upande wa kupanda. Kidirisha cha choo kwa kawaida huwa juu zaidi, ili mtu wa nje asichungulie, kwa hiyo kisu hakikifikii. Mchoraji hakiachi. Hukionyesha kwa mistari ya vipande vipande, akimwambia msomaji kwamba kipo, ila kiko juu ya mahali alipokata. Hapo ndipo ninapoanza kumpenda. Ana kanuni, na anaifuata, lakini hasahau kwamba nyumba ni ya watu na watu wana sababu zao za kuinua dirisha.

Sasa mistari yenyewe. Kabla ya kompyuta, wasanifu majengo walichora kwa kalamu za wino zenye ncha za unene maalumu: milimita 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7 na 1.0. Kila kalamu ni nene kuliko iliyotangulia kwa takriban mara 1.4, na huo ndio uwiano wa karatasi zenyewe. Ukipunguza mchoro wa karatasi ya A1 ukakaa kwenye A2, mstari wa 0.7 unakuwa wa 0.5; ukiushusha hadi A3, unakuwa wa 0.35. Mchoro mzima unasinyaa lakini ukoo wa mistari unabaki kamili, na anayetaka kurekebisha jambo kwenye nakala iliyopunguzwa anakuta kalamu ya unene uleule imo kisandukuni. Aliyefikiria hilo alikuwa na subira ya kuona mbali.

Kwa kalamu hizo mchoraji hupanga vyeo. Kilichopitiwa na kisu, yaani ukuta na nguzo, hupewa mstari mzito kuliko yote. Kilicho chini ya kisu na kinaonekana kizima, kama sinki, baraza au kidato cha mlangoni, hupewa mstari wa kati. Viungo vya vigae na nyuzi za mbao hupewa ule mwembamba ambao unakaribia kutoonekana. Ukiishika ramani iliyochorwa hivyo kwa urefu wa mkono, ukafumba macho nusu, kuta zinasimama zenyewe na vyumba vinatulia kati yake. Na mkono ukiteleza? Walichora juu ya karatasi ngumu inayopenyesha mwanga, na kosa la wino likakwanguliwa kwa wembe, taratibu, bila kuitoboa karatasi. Kisha pale palipochubuka pakasuguliwa kwa ukucha hadi pakalainika, maana wino ukianguka juu ya mchubuko unatambaa kama upendavyo. Ukuta mmoja ungeweza kukwanguliwa mara kadhaa kabla nyumba haijakubali kukaa.

Kompyuta imeondoa wembe, na sioni haja ya kuulilia. Nilicho na wasiwasi nacho ni kwamba imemruhusu mtu kuchora kila kitu kwa unene mmoja. Nyingi ya ramani zinazosambazwa kwa simu siku hizi ziko hivyo: ukuta, kochi, kapeti na bomba vyote vina sauti moja, na msomaji hajui aanzie wapi. Nyingine zimepakwa rangi, zikatiwa vivuli, makochi yakanona na kapeti likachanua maua. Zinapendeza sana. Lakini jaribu kutafuta humo unene wa ukuta, au mlango unafungukia upande gani, uone utachukua muda gani.

Kuna jambo la pili ambalo picha ya angani haiwezi kulifanya, hata paa lingeondolewa kweli. Kamera ina jicho moja, limekaa mahali pamoja. Kilicho chini yake hasa hukiona kwa wima, ila kilicho pembeni hukiona kwa mshazari: kuta za mbali zinaegemea nje, na kilicho mbali kinapungua ukubwa. Jicho la mchora ramani liko juu ya kila nukta ya nyumba kwa wakati mmoja. Linatazama wima pale penye kona ya jikoni, na wima vilevile pale penye baraza, mita 12 kutoka hapo. Hakuna kilicho mbali wala karibu. Mita moja ya sebuleni ni sawa na mita moja ya stoo, na kwa hiyo unaweza kuweka rula mahali popote ukapata jibu la kweli. Uzuri wa ramani ninauona hapo: imekataa kuonekana kama dunia inavyoonekana, ili iweze kusema dunia ilivyo.

Na inasema mambo mengi kwa aliye tayari kuuliza. Chukua chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3, kipimo ambacho mafundi wengi wanakijua kwa moyo. Kwa skeli ya 1:100, sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba, kwa hiyo chumba ni mraba wa milimita 30 kila upande. Kitanda cha futi 5 kwa 6 ni mita 1.52 kwa 1.83, kwenye karatasi ni milimita 15 kwa 18. Kiweke kichwa kikigusa ukuta wa nyuma, katikati. Kila ubavu unabakiwa na sentimita 74, ambazo zinamtosha mtu kupita na kutandika. Miguuni, hadi ukuta wa mbele, unabakiwa na mita 1.17. Mlango wa sentimita 90 ukiwa pembeni mwa ukuta huo wa mbele na kufungukia ndani, una nafasi ya kuzunguka. Sasa leta kabati la nguo lenye kina cha sentimita 60. Ukiliweka kwenye ukuta wa mbele, kando ya mlango, kati ya kabati na kitanda unabaki na sentimita 57, na milango ya kabati yenyewe haijafunguliwa. Ukilipeleka ubavuni, unabaki na sentimita 14 kati yake na kitanda. Basi kitanda lazima kisogee hadi ukutani, na mmoja wa wanandoa atakuwa akimruka mwenzake kila asubuhi. Yote hayo yamejulikana kwa rula ya shule, kabla tofali la kwanza halijanunuliwa. Hesabu ile ingefanywa na baba wa familia siku ya kuhamia, akiwa amesimama mlangoni na kabati mgongoni mwa wachukuzi, ingekuwa na bei nyingine.

Mchoraji mwaminifu hukichora kitanda kwa ukubwa wake. Asiye mwaminifu hukipunguza kidogo, chumba kikaonekana kina nafasi ya kucheza. Ndiyo maana nikiletewa ramani kitu cha kwanza ninachopima ni kitanda. Kikiwa na mita 1.6 kwa urefu, natilia shaka na yaliyobaki.

Ila rula nayo ina mipaka yake. Karatasi hupigwa nakala, nakala ikapunguzwa iingie kwenye bahasha, na mita moja ikawa milimita 9 na ushee. Kwa hiyo kazini kanuni ni kusoma tarakimu zilizoandikwa, wala si kupima karatasi, na wasanifu wengi huiandika kanuni hiyo pembezoni mwa mchoro. Tarakimu hizo nazo zina mpango: mstari wa nje kabisa unatoa urefu wa nyumba nzima, wa pili unatoa nafasi kutoka ukuta hadi ukuta, wa tatu, ulio karibu na nyumba, unatoa kila dirisha na kila kipande cha ukuta kati ya madirisha. Ukijumlisha mstari wa tatu lazima upate wa kwanza. Nimewahi kuona fundi akijumlisha hivyo kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha mfuko wa saruji, kimya, kabla hajakubali kazi.

Nirudi kwenye ile mistari ya vipande vipande, maana ndiyo inayotatiza wasomaji wapya kuliko mingine, na ndiyo ninayoiona imejaa adabu. Inaonyesha kile ambacho kisu kimekiondoa: boriti inayopita juu, ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta, kabati la jikoni lililotundikwa, dari linaloshuka. Vitu hivyo haviko tena katika mchoro, ila mchoraji anakumbusha kwamba viko katika nyumba. Fikiria Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, alilolibuni msanifu Beda Amuli na lililofunguliwa mwaka 1975. Fahari ya jengo lile iko juu, katika miavuli mikubwa ya zege iliyo mfano wa faneli, inayopokea maji ya mvua na kuyateremsha. Kisu cha mita 1.2 kinapita chini mno ya miavuli. Katika ramani ya sakafu ya jengo la namna hiyo kinachobaki ni nguzo zilizopangwa kwa safu, vidude vidogo vyeusi, na utukufu wote wa juu unakuwa mistari ya vipande vipande kuzunguka kila nguzo. Asiyejua kusoma ataona uwanja mtupu wenye vikingi. Anayejua, akifuata vipande vile kwa kidole, anahisi kivuli kinamwangukia.

Kinyume chake kuna ramani ya dari, ambayo nayo ina ujanja wake. Mchoraji angelala chali na kutazama juu, kushoto kungegeuka kulia, na fundi umeme angechanganyikiwa akijaribu kulinganisha karatasi mbili. Basi wamekubaliana kuichora kana kwamba sakafu yote ni kioo, na mtu anatazama chini akiona dari ndani ya kioo hicho. Taa ya juu ya meza inakaa palepale ilipo meza.

Mlango ndio uliowachukua wachoraji muda mrefu kuupatia. Katika jumba la makumbusho la Misri lililoko Turin, Italia, kuna kipande cha mafunjo chenye ramani ya kaburi la Ramesses IV, farao wa karne ya 12 kabla ya Kristo, aliyezikwa katika Bonde la Wafalme. Kuta za njia na vyumba zimechorwa zikitazamwa kutoka juu, vipimo vimeandikwa kwa dhiraa, na chumba cha maziko kina sanduku la mawe katikati. Lakini milango imechorwa ikitazamwa kwa mbele, imelazwa chali juu ya ramani, kana kwamba imeng'olewa ikawekwa chini. Mtu yule alikuwa stadi. Aliona tu kwamba pengo katika ukuta halitoshi kumwambia msomaji kuwa hapa pana mlango, na akachagua kumwonyesha mlango wenyewe. Sisi leo tunaweka robo ya duara: ubao wa mlango umefunguliwa kikamilifu, na tao jembamba linaonyesha njia ambayo ncha yake imepita. Katika ramani nzima tao hilo ndilo linaloonyesha mwendo. Mengine yote yametulia. Na kwa sababu linaonyesha mwendo, linafichua ugomvi kabla haujatokea: milango miwili inayogongana koridoni, mlango wa bafu unaogonga bakuli la choo, mlango wa chumba unaofungukia upande unaomwonyesha mgeni kitanda kwanza.

Ukuta, kwa upande wake, ulipatikana mapema sana. Louvre, Paris, kuna sanamu ya Gudea, mtawala wa Lagash katika nchi ambayo leo ni Iraki, iliyochongwa kwa jiwe jeusi gumu zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kichwa kimekatika na kupotea. Amekaa, mikono imekutana kifuani, na mapajani mwake amelaza kibao chenye ramani ya ukuta wa hekalu, pamoja na kalamu na rula yenye alama za vipimo. Ukuta umechorwa kwa mistari miwili inayokwenda sambamba, yenye kutoka na kuingia penye minara na malango. Mistari miwili na unene katikati: mwanafunzi wa ujenzi akiletewa kibao kile leo angekisoma bila mkalimani.

Wapo waliotumia kisu kwa kuchagua. Giambattista Nolli alianza kuupima mji wa Roma mwaka 1736, na ramani yake ikachapishwa mwaka 1748 kwa mabamba 12 ya shaba. Nyumba za watu aliziacha zimezibwa kwa rangi ya giza, lakini makanisa na kumbi za umma alizikata, akaonyesha nguzo na madhabahu zake, na sakafu yake akaiacha nyeupe kama barabara. Ukiifuata kwa kidole unatoka uwanjani, unapita kati ya nguzo za Pantheon, unaingia ndani ya duara lake, bila kuvuka mpaka wowote wa rangi. Weupe wote wa ramani ile ni mahali ambapo mtu wa kawaida angeweza kupita. Kila mara ninapoitazama nastaajabia uamuzi huo mmoja, kwamba swali lake halikuwa jengo liko wapi, lilikuwa mguu wa mtu unaweza kufika wapi.

Swali hilohilo linanirudisha pwani kwetu. Mwaka 1975 kilitoka kitabu cha Usam Ghaidan, msanifu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, kuhusu mji wa Lamu, na ndani yake zimo ramani za nyumba za mawe za Waamu zilizopimwa kwa uangalifu. Shika mojawapo ya ramani za nyumba hizo, za karne ya 18 au 19, uanzie barabarani. Kuna daka, lenye mabaraza ya mawe ya kukalia wageni. Kutoka daka unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa anga. Kutoka kiwanda zinafuatana safu za vyumba zilizo sambamba: msana wa tini, msana wa yuu, na ndani. Sasa weka rula yako mlangoni pa nje uielekeze ndani. Inagonga ukuta. Ielekeze kidogo kushoto, kidogo kulia. Bado inagonga ukuta. Njia imepindishwa palepale penye tekani, kiasi kwamba mpita njia, hata mlango ukiachwa wazi, haoni ila lipu nyeupe. Stara ya nyumba nzima imewekwa katika kupishana kwa milango miwili, na kwa anayesimama ndani ya nyumba yenyewe jambo hilo halionekani waziwazi. Anahisi tu kwamba amegeuka. Ramani ndiyo inayolitoa hadharani.

Fanya jaribio hilohilo kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ya Magomeni au Ilala. Baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko na choo. Rula inaingia mlango wa mbele, inapita korido yote, inatokea uani bila kugusa kitu. Je, wenye nyumba hizo hawakujali stara? Walijali, ila waliitundika: ni pazia, na pazia ni kitu ambacho kisu cha mchoraji hukata bila kukiandika. Kila ramani ina ukimya wa namna hiyo, na msomaji mzuri hujifunza kuujaza kwa anayoyajua kuhusu wanaoishi humo.

Kuna jingine katika nyumba za Lamu. Pima upana wa misana: mita 2.5, 2.7, mara chache hufika 3. Urefu unaweza kuwa mkubwa mno, chumba kikawa kama korido pana, lakini upana haupanuki. Tajiri na asiye tajiri wana upana uleule. Sababu haiko kwenye ramani, iko mikokoni. Dari la nyumba hizi ni mawe na chokaa, zito, limebebwa na boriti za mkoko, na boriti ikivuka uwazi unaozidi hapo inaanza kulemewa. Nyumba za zamani za Ghuba, zilizoezekwa kwa boriti hizihizi zilizopelekwa huko kwa majahazi, zina vyumba vyembamba vilevile. Msitu ulio matopeni umechora upana wa vyumba ng'ambo ya bahari, na unaweza kuusoma kwa rula.

Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, nimelielewa kwenye karatasi kuliko nilivyolielewa kwa miguu. Ukitembea pale unaona kuta zilizobomoka, mizizi, na bahari chini ya jabali. Peter Garlake aliyechapisha mwaka 1966 utafiti wake wa majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani ya Afrika Mashariki, na Neville Chittick aliyechimba Kilwa, waliyachora magofu kwa subira, ukuta kwa ukuta. Kwenye ramani unaona ua mkubwa wa kusini uliozungukwa na vyumba, kisha nyua za makazi zikifuatana kuelekea ncha ya jabali, na bwawa la pembe nane limekaa kati ya mistari iliyonyooka. Katika michoro ya magofu mistari ya vipande vipande hubadilika kazi. Haisemi tena kwamba kitu kiko juu. Inasema ukuta huu haukuonekana, ila kwa kufuata ulioonekana, ulipita hapa. Mchora magofu angeweza kuunganisha mistari yote apate picha kamili ya kuvutia, na hakuna ambaye angemkamata. Kule kuacha pengo pale penye pengo nakuhesabu miongoni mwa mambo ya heshima kubwa katika fani hii.

Michoro mingine ya jengo, ile ya uso wa mbele au ya mkato wa wima, hubaki karatasini hadi nyumba imekwisha. Ramani peke yake huchorwa mara ya pili, kwa ukubwa wake kamili, juu ya ardhi. Mafundi huiita kazi hiyo kuseti msingi. Vigingi vinapigiliwa nje kidogo ya kila pembe, juu yake mbao, juu ya mbao misumari inayoonyesha kingo za kuta, na kamba zinavutwa kutoka msumari hadi msumari. Pembe ya mraba inapatikana kwa kupima mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na kuhakikisha kati ya ncha hizo ni 5 kamili. Kisha nyumba yote inahakikiwa kwa ulalo: ikiwa ni ya mita 10 kwa 12, kutoka kona hadi kona ya mkabala lazima ziwe mita 15.62, na ulalo wa pili uwe sawasawa na wa kwanza. Ukisoma 15.70 huku na 15.54 kule, nyumba imekwenda upande, na kamba zinalegezwa zianze upya. Hakuna anayekasirika, saa nzima inaweza kwenda kwa sentimita nane.

Zikishatulia kamba, mwenye nyumba huitwa atembee. Na karibu kila mwenye nyumba husema vyumba ni vidogo. Uwanja ulio wazi chini ya anga unavifanya vionekane hivyo, na kuta zikinyanyuka hisia hiyo huondoka. Fundi mzoefu habishani. Anamwomba mzee au mama asimame pale penye mlango, anafungua tepu, anapima futi 5 kwa 6, anachora kitanda kwenye udongo kwa ncha ya kigingi, kisha anazungusha kamba fupi kutoka kwenye bawaba za baadaye na kuacha robo ya duara mchangani. Kama tao limegusa kitanda, ukuta wa ndani unasogezwa hapohapo kwa kung'oa misumari michache, kalamu nyekundu inaandika badiliko hilo kwenye ramani ili msanifu alione na kulikubali, na chokaa inanyunyizwa juu ya mistari mipya tayari kwa wachimbaji.